Shata Iliyochoka: Namna ya Kuikagua Kamera Kabla ya Kuinunua

Mtu aendaye kununua kamera iliyokwisha tumika, iwe ni kwa mwenye duka Kariakoo au kwa sahibu aliyerudi nayo kutoka Dubai, hakosi kuuliza mapema swali ambalo siku hizi limeyatangulia maswali ya lenzi na ya betri, nalo ni hili: shata yake imefyatuka mara ngapi? Muuzaji naye, kwa kuwa alijua tangu awali kwamba ataulizwa, aghalabu huwa na jibu tayari, nambari moja ya kupendeza ambayo huitamka kwa utulivu wa mtu asomaye hati. Rai yangu ni kwamba nambari hiyo yafaa ipokewe kama kadhi aupokeavyo ushahidi wa shahidi mmoja, ambao hautupwi, walakini hukumu haitolewi kwao peke yake.

Shata ni kilango kilicho mbele ya kihisi cha mwanga, na kwa hakika ni mapazia mawili, kila moja likiwa limeundwa kwa vipande vyembamba mno vilivyopangwa vikalaliana. Kidole kikibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia la kwanza likateremka na kukifunua kihisi, kisha la pili likalifuata na kukifunika, na papo hapo mtambo ukajikaza upya kuingojea picha nyingine. Katika kamera ambayo kihisi chake kina ukubwa wa ile filamu ya zamani ya milimita 35, kimo cha kuvukwa ni milimita 24, na pazia hukivuka kwa muda wa takriban 1/300 ya sekunde. Basi mpiga picha aitakapo kasi ya 1/8000, kasi ambayo hakuna pazia liwezalo kuifikia, linalotendeka ni kwamba pazia la pili huondoka kabla la kwanza halijafika mwisho wa safari yake, hata kihisi kikapata mwanga wake kwa kupitia ufa usiotimia milimita moja, ufa ambao hukifagia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ikiwa springi imelegea au pazia limekuwa zito, na ufa huo ukapungua kwa robo ya milimita tu, sehemu hiyo ya picha hupoteza zaidi ya robo ya nuru iliyostahili kuipata. Ilhali kasoro hiyo hiyo, kwa kasi ya 1/60, hakuna jicho litakaloitambua. Ndiyo sababu kamera yaweza kumridhisha mnunuzi kwa picha kumi zilizopigwa ndani ya duka, kisha ikamfedhehesha juani mbele ya bwana harusi.

Wenye viwanda hutangaza idadi ya mifyatuko ambayo shata imejaribiwa kuistahimili: Nikon D90 ilitangaziwa 100,000, Canon EOS 5D Mark II 150,000, Nikon D3 300,000, na Canon EOS-1D X 400,000. Zimo shata zilizokufa kabla hazijafika nusu ya ahadi hiyo, na zimo zilizoivuka zikaendelea na kazi kana kwamba hazikusikia habari yake, maana idadi hiyo ni kipimo cha uimara wa mtambo, wala si miadi ya kufa kwake. Mwenye kuikataa D3 iliyofyatuka mara 160,000 ili apate kuichukua D90 ya 80,000, kwa kudhani ya pili ndiyo changa, hakuzitazama ahadi mbili hizo kwa insafu.

Ama namna ya kuipata hesabu yenyewe, kamera hazifanani. Nikon nyingi huiandika ndani ya faili ya kila picha, na programu ya bure iitwayo ExifTool, iliyotungwa na Phil Harvey, huisoma pasipo taabu. Canon nyingi haziiandiki humo, hivyo hulazimu kuiunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu, ingawa EOS-1D X huionyesha katika menyu yake yenyewe. Lisilofaa kutegemewa kabisa ni jina la faili, kwa kuwa namba zake zikifika 9999 hurudi 0001, na mwenye kamera aweza kuzirudisha wakati wowote apendapo. Vilevile picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imekwisha vuliwa habari zake njiani. Yakupasa uje na kadi yako mwenyewe, upige picha mbele ya muuzaji, na uichukue faili ile kama ilivyo. Na hata hapo, yamkini kamera ilipata kufunguliwa na fundi, akabadili shata na hesabu ya zamani ikaendelea, au akabadili ubao mkuu wa umeme na hesabu ikaanza upya.

Shubuha kubwa kuliko hizo zote huletwa na video. Canon 5D Mark II, iliyotokea mwaka 2008, ilisifika kwa picha zake za mwendo hata kipindi cha kufungia msimu cha tamthilia ya Marekani iitwayo House, mwaka 2010, kikapigwa kwa kamera hiyo. Katika kurekodi video shata hufunguka ikakaa wazi, na yote yanayopita mbele ya lenzi kwa dakika kadhaa hayaongezi kitu katika hesabu, ingawa kihisi kinapata moto na vitufe vinabonyezwa. Kamera iliyoshinda katika harusi za kila wiki, ikirekodi tangu kupambwa kwa bibi harusi hadi chakula cha usiku, yaweza kuja na hesabu ndogo ya kustaajabisha, na muuzaji akaisema bila ya kuongopa hata neno moja. Katika kamera mpya zisizo na kioo mambo yamezidi kuchanganyika, kwa kuwa nyingi zaweza kupiga picha kwa shata ya kielektroniki isiyotikisa pazia lolote. Na Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina shata ya mapazia kabisa, hivyo kuiulizia uchakavu wake ni kupoteza wakati.

Kwa hiyo mwulize shahidi wa pili, yaani shata yenyewe. Toka nje ya duka mchana, elekeza lenzi ya kadiri, mathalani ya milimita 50, kwenye sehemu ya mbingu iliyo safi na iliyo mbali na jua, uiondoe lenzi katika shabaha ili picha iwe rangi tupu, kisha weka kasi ya juu kabisa ambayo kamera inayo, iwe 1/8000 au 1/4000. Piga picha kadhaa mfululizo, halafu ushuke ngazi kwa ngazi, ukibana tundu la lenzi kila unapopunguza kasi ili nuru isibadilike. Ukizitazama picha hizo moja baada ya moja, utepe wa giza juu au chini, au picha moja iliyofifia kati ya wenziwe, ndio ushahidi uliokuwa ukiutafuta. Pembe nne zikififia kwa usawa, hiyo ni tabia ya lenzi wala shata haina hatia. Na usikubali kuifanya kazi hii chini ya taa za dukani, hata muuzaji akikuonea huruma kwa ajili ya jua, maana taa nyingi humetameta kwa kasi isiyoonekana kwa macho, nazo huchora mistari katika picha ya kamera nzima kabisa.

Kisha bana tundu la lenzi hadi f/16 na uipige tena mbingu, uone madoa. Nikon D600 ya mwaka 2012 ililalamikiwa kwa vidoadoa vilivyokuwa vikijikusanya juu ya kihisi ilhali shata yake ni mpya, hata ikafuatiwa na D610 mwaka 2013, na mwezi wa Februari 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua na kuzisafisha kamera hizo, na kubadili shata ilipobidi, bila ya malipo. Kwa kamera kama hiyo hesabu ndogo haikuwa kinga, na swali lenye faida ni kama shata ilipata kubadilishwa.

Mwili wa kamera nao husema. Tazama reli ya kuchomekea flashi kama rangi imekwisha, tundu la skrubu ya tripodi, mpira wa kushikia uliotanuka, na duara la kufungia lenzi. Sisi wa pwani tuongeze kutafuta chembe za mchanga na alama za kutu kwenye skrubu, kwani chumvi ya bahari haihesabiwi na programu yoyote. Ondoa lenzi uchungulie bila kugusa, kwa kuwa vipande vya pazia hupindika kwa kidole kimoja kisicho na adabu. Kamera ya Canon ikikuandikia Err 20 au Err 30 wakati unaijaribu, irudishe mezani. Kuizima na kuiwasha tena, kama muuzaji atakavyokushauri, hakuondoi sababu.

Pale nambari inaposema elfu ishirini na mwili ukaonyesha miaka mingi ya jasho, mimi huusadiki mwili. Na nikipewa hiari kati ya kamera hiyo na nyingine ya elfu 120 iliyofaulu katika kasi zote juani, nitaichukua ya pili, illa kwanza nimpigie fundi nimwulize shata ya aina ile yapatikana kwa bei gani na ujira wake wa kuifunga ni kiasi gani. Jumla ya hayo mawili ndiyo nitakayoanza nayo kumwomba muuzaji apunguze.