Malango ya Jumba la Wafalme wa China

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Beijing, mji mkuu wa China. Katikati ya mji huo mna jumba kubwa lililojengwa kwa amri ya Mfalme Yongle, tangu mwaka 1406 hata 1420. Yongle huyo ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, kabla jumba halijamalizika. Wafalme 24 walikaa humo, na raia hakuwa na ruhusa kukanyaga. Ndiyo sababu likaitwa Mji wa Marufuku.

Twapenda kueleza jinsi malango yake yalivyopambanua watu. Ukuta wapata mita 10 kwenda juu, na nje yake pana handaki la maji lenye upana wa mita 52. Lango kuu, liitwalo Wumen, liko upande wa kusini. Mlango wake wa katikati ulikuwa wa mfalme peke yake. Malkia aliupita mara moja tu, siku ya arusi yake. Wakubwa wa serikali walipita mlango wa mashariki, na jamaa za mfalme mlango wa magharibi. Lakini watu watatu walioshinda wenzao katika mtihani mkuu wa elimu walitoka kwa mlango ule wa katikati, hata kama baba zao walikuwa wakulima. Heshima hiyo ndugu wa mfalme hakuipata.

Apitaye Wumen huona ua mpana na mto mdogo wenye madaraja matano ya mawe meupe. Akipita lango la pili huingia katika ua ulio mkubwa kuliko nyua zote, wapata mita za mraba 30,000, wala hauna mti hata mmoja. Mbele yake, juu ya msingi wa mawe wa daraja tatu, ndipo lilipo baraza la kiti cha enzi. Twadhani mjumbe aliyeuvuka ua ule kwa miguu alikwisha jiona mdogo kabla hajamwona mfalme.

Katika nyua mna mapipa makubwa ya shaba na chuma, yaliyowekwa maji ya kuzimia moto, maana majengo ni ya mbao. Mwaka 1421 radi iliteketeza mabaraza matatu makubwa, miezi michache tu baada ya kufunguliwa. Wakati wa baridi kali moto uliwashwa chini ya mapipa ili maji yasigande.

Mbele zaidi liko lango la Qianqing, lililotenga mabaraza ya serikali na nyumba za mfalme mwenyewe. Mfalme wa mwisho, Puyi, alipoacha enzi mwaka 1912 aliachiwa kukaa nyuma ya lango hilo, mpaka alipofukuzwa mwaka 1924. Mwaka uliofuata jumba likafanywa nyumba ya makumbusho, na siku hizi mtu yeyote mwenye tikiti huingia kwa Wumen, akavuka nyua zote, akatokea kwa lango la kaskazini, liitwalo Shenwumen.