Kijana Anapokwenda Mafunzo ya Kijeshi: Wajibu wa Jamaa Wanaobaki Nyumbani

Kila mwaka, baada ya mitihani ya kidato cha sita, vijana wa Sengerema, Buchosa na visiwa vya Kome na Maisome hufunga mizigo yao kwenda makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wapo wanaoitwa kwa mujibu wa sheria, na wapo wanaoomba wenyewe kwa kujitolea. Miongoni mwao hawakosekani waliokulia mitumbwini, ambao shabaha yao ni kuvaa siku moja sare ya Jeshi la Wanamaji.

Mara nyingi maelezo hutolewa kwa kijana mwenyewe, na jamaa zake huachwa wakibahatisha. Makala haya yanakusudiwa kwa wazazi, walezi, kaka na dada wanaobaki nyumbani. Jambo la msingi wanalopaswa kulifahamu ni kwamba msaada mkubwa kwa kijana aliye mafunzoni si fedha wala vifurushi, bali ni kumwondolea mzigo wa nyumbani, ili akili yake yote iwe kwenye mafunzo.

NJIA YA KUFIKIA JESHI LA WANAMAJI

Inafaa kwanza ifahamike kuwa neno "wanamaji" hutumika kwa vyombo zaidi ya kimoja. Kamandi ya Jeshi la Wanamaji ni sehemu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Ilianzishwa mwaka 1971, na makao yake yapo Kigamboni, Dar es Salaam. Polisi Wanamaji ni kikosi cha Jeshi la Polisi, na askari wake huanzia Shule ya Polisi, Moshi. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) ni chombo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kila kimoja kina tangazo lake na utaratibu wake wa kuandikisha. Mzazi anayechanganya vyombo hivi huweza kumpotezea mwanawe mwaka mzima.

Kwa anayelenga JWTZ, mlango wa kawaida ni JKT, jeshi lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Utaratibu wa kuwaita vijana kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yameweka cheti cha JKT kuwa moja ya sifa za mwombaji, pamoja na uraia, elimu na umri. Anayechaguliwa hupitia kwanza mafunzo ya awali ya askari, ambayo kituo chake kinachojulikana ni Kihangaiko, mkoani Pwani. Huko kuruta wote hufundishwa kwata, silaha, nidhamu na ukakamavu. Mafunzo ya majini huja baada ya hapo, kwa wale watakaopangiwa Kamandi hiyo. Kwa hiyo, kijana wa ziwani asidhani kwamba kujua kupiga makasia kutamvusha hatua za mwanzo. Huanza nchi kavu kama wenzake.

Wakazi wa kanda hii hawahitaji kuelezwa sana thamani ya kazi hiyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, wazamiaji ndio waliomtoa fundi mmoja akiwa hai siku mbili baadaye. Mzazi anayemruhusu mwanawe kwenda jeshini anachangia kupatikana kwa watu wa namna hiyo.

MAANDALIZI KABLA YA SAFARI

Jamaa wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo mapema, badala ya kungoja wiki ya mwisho:

(a) Vifaa. Matangazo ya JKT kwa vijana wa mujibu wa sheria yamekuwa yakitaja bukta ya rangi ya bluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo ya kijani au bluu. Vyeti vya elimu. Pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Orodha isomwe katika tangazo la mwaka husika, kwani huweza kubadilika. Raba zinunuliwe mapema na zivaliwe mazoezini, ili zisimchubue siku za kwanza.

(b) Hali ya hewa. Kijana aliyezoea joto la ziwa akipangiwa Mafinga, mkoani Iringa, atakuta baridi kali ya mwezi Juni na Julai. Apewe nguo za kujikinga na baridi. Aliyepangiwa Rwamkoma, mkoani Mara, hatakuta tofauti kubwa na nyumbani.

(c) Afya. Kichocho na malaria ni maradhi yaliyoenea kandokando ya ziwa. Kijana apimwe na kutibiwa kabla ya kuondoka. Mwenye pumu, selimundu au kifafa asifichwe na jamaa zake kwa kuhofia kwamba atarudishwa. Ugonjwa uliofichwa nyumbani hujitokeza kwenye mbio, na hapo hatari huwa kubwa zaidi kuliko fedheha ya kurudi. Wenye ulemavu unaoonekana wamekuwa wakielekezwa Kambi ya Ruvu, Mlandizi, yenye miundombinu ya kuwahudumia.

(d) Safari. Abiria wa Kome hupita Nyakaliro, na wa Maisome hupita Kahunda. Upepo wa ziwa haungojei tarehe ya kuripoti. Hivyo wakazi wa visiwani wajiwekee siku moja au mbili za ziada. Kwa wanaotokea Sengerema mjini, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa adha ya kungoja kivuko katika njia hiyo.

(e) Shughuli za nyumbani. Hili husahauliwa mara nyingi. Ikiwa kijana ndiye aliyekuwa akisimamia mtumbwi, akilipa ada ya mdogo wake au akimpeleka bibi hospitali, familia iketi kabla hajaondoka na kumtaja kwa jina atakayeshika kila jukumu. Kijana asikie mwenyewe mgawanyo huo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaobaki huona jambo dogo, kumbe aliye kambini analala nalo kila usiku.

FEDHA NA WADANGANYIFU

Nafasi za JKT na za JWTZ haziuzwi. Maombi ya vijana wa kujitolea huratibiwa kupitia ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya, na wanaoitwa kwa mujibu wa sheria hutangaziwa kambi zao bila malipo yoyote. Pamoja na hayo, hujitokeza watu wanaodai kuwa wana ndugu makao makuu, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina litaingizwa. Familia iliyouza ng'ombe au shamba la mihogo kwa ahadi hiyo hupoteza mara mbili: hupoteza mali, na humpa kijana deni ambalo hana namna ya kulilipa akiwa mafunzoni.

Yeyote anayedaiwa fedha kwa ajili ya nafasi ya jeshi asilipe. Atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au katika kituo cha Polisi kilicho karibu. Aidha, simu inayodai kwamba kijana ameugua kambini na zinatakiwa fedha za haraka ihakikishwe kwanza kwa uongozi wa kambi kabla ya kutuma chochote.

WAKATI WA MAFUNZO

Kwa kawaida kijana haruhusiwi kutumia simu apendavyo katika kipindi cha mafunzo ya awali. Wiki zinaweza kupita bila habari. Jamaa wasichukulie ukimya huo kuwa ni dalili ya mabaya, wala kuwa kijana amewasahau. Ni sehemu ya mafunzo, na wazazi wa wenzake wote wako katika hali hiyo hiyo.

Nafasi ya kuwasiliana inapopatikana huwa fupi, na itumike vizuri. Kijana aambiwe habari za kweli kwa ufupi: nani mzima, mvua ikoje, mdogo wake amefaulu vipi. Asipewe kesi ya mpaka wa shamba ambayo hawezi kuitatua, wala asiulizwe atatuma lini fedha. Kijana wa JKT si mwajiriwa na hana mshahara. Akilalamika kuhusu mchakamchaka wa alfajiri au ukali wa afande, jamaa wamsikilize hadi mwisho bila kumcheka, na bila kumhimiza atoroke. Siku za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na wengi waliotaka kurudi wiki ya kwanza huonekana wakitabasamu siku ya gwaride. Hata hivyo, akieleza maumivu yasiyopona, ahimizwe kwenda kwenye zahanati ya kambi. Huko si kulalamika.

Ikitokea msiba au ugonjwa mzito katika familia, habari ipitishwe kwa uongozi wa kambi, ambao utajua namna ya kumfikishia na ruhusa inayowezekana. Asiyejua pa kuanzia afike ofisi ya Mkuu wa Wilaya, aonane na Mshauri wa Jeshi la Akiba. Si vema kijana kusikia kifo cha mzazi wake kutoka kwa mtu wa njiani.

MAMBO YA ELIMU YASIYOSUBIRI

Matokeo ya kidato cha sita hutoka vijana wa mujibu wa sheria wakiwa bado kambini, na kipindi cha kuomba vyuo na mikopo huanza wakati huo huo. Hapa ndipo jamaa wanapoweza kumwokoa kijana asipoteze mwaka. Kabla hajaondoka, cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, nakala za vyeti zitunzwe nyumbani, na mdhamini wa mkopo ajulikane. Kijana aandike kozi na vyuo anavyovitaka kwa mpangilio. Ndugu mmoja anayejua kusoma matangazo akabidhiwe kazi ya kufuatilia tarehe za Bodi ya Mikopo na za vyuo, na ahakikishe kuwa maamuzi yanayofanywa ni ya kijana mwenyewe.

KUREJEA NYUMBANI

Siku ya kufunga mafunzo, wazazi wanaoweza kufika hukaribishwa kushuhudia gwaride. Asiyemudu nauli ya mkoa wa mbali asikope. Kijana anaelewa, ikiwa aliambiwa mapema.

Jambo ambalo kila familia inapaswa kulielewa tangu mwanzo ni kwamba JKT haitoi ahadi ya ajira. Matangazo yake huwaeleza vijana wa kujitolea waziwazi kuwa, baada ya miaka miwili, si lazima waingie katika vyombo vya ulinzi na usalama, na kwamba hufundishwa stadi za kuwawezesha kujiajiri. Wanaochaguliwa JWTZ ni baadhi, na wanaopangiwa wanamaji ni wachache zaidi.

Kwa hiyo, jamaa wasimtangazie kijana cheo ambacho hajakipata, wala wasifanye sherehe ya kumuaga ambayo itamwia vigumu kurudi mikono mitupu. Wapo vijana wanaobaki mijini wakihangaika kwa sababu tu wanaona aibu kurejea kijijini bila sare. Aliyerudishwa kwa sababu ya afya hakushindwa, na aliyemaliza bila kuajiriwa amerudi na ujuzi wa kilimo, ufugaji au ufundi. Apewe eneo la kulima, nafasi mtumbwini au mtaji mdogo kadiri ya uwezo wa familia, na aendelee kufuatilia matangazo mapya kabla umri haujamtupa.

Wazazi na walezi wote mnakumbushwa kumwambia kijana neno hili siku ya kuondoka: akifaulu au asifaulu, nyumbani ni kwake. Kijana anayeondoka akiwa na hakika hiyo huvumilia mengi.