Mmea Uuawao na Wema

Watu wa mashamba husema kwamba mmea usiostawi hutaka samadi. Kwa mahindi na maharagwe neno hilo ni la kweli. Lakini uko mmea mmoja ambao, ukiupa samadi, umeuua.

Jina lake kwa wataalamu ni Dionaea muscipula, nao hukamata nzi. Asili yake ni nyanda zenye majimaji za North Carolina na South Carolina, huko Marekani. Mwaka 1759 gavana Arthur Dobbs aliutaja katika barua, na mwaka 1875 Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu ya mimea ilayo wadudu. Jani lake lina pande mbili zifungukazo kama kitabu, na ndani ya kila upande mna vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Nzi akigusa mara moja, jani hutulia. Akigusa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, jani hufunga kufumba na kufumbua, kisha humyeyusha kwa muda wa siku kadhaa.

Siku hizi mmea huo huuzwa madukani katika nchi nyingi. Mtu huununua, huufurahia, huuweka mezani. Baada ya miezi michache majani yamekuwa meusi, na mwenye nyumba hajui alikosea wapi. Maji aliutilia, udongo mzuri aliupa, hata kipande cha nyama aliulisha. Basi, kwa nini wafa?

Jibu latoka kwao. Udongo wa huko ni mchanga na majani ya kinamasi yaliyooza, mchachu, usio na rutuba. Mmea huu hauli wadudu kwa ulafi, bali kwa sababu ya umaskini wa udongo wake: nitrojeni isiyopatikana chini huitafuta hewani, katika mwili wa nzi. Ukiupanda katika udongo mnono, mizizi yake huungua. Yaufaa mchanga safi usio na chumvi, uliochanganywa na udongo wa kinamasi, bila mbolea yo yote.

La pili ni maji. Maji ya bomba na ya visima mara nyingi huwa na chokaa na chumvi, ambazo hujikusanya chunguni kidogo kidogo. Kinga maji ya mvua, uyatie katika sahani, na chungu kikae ndani yake, udongo usikauke kamwe.

La tatu ni jua. Ingawa hula wadudu, mmea huu hujitengenezea chakula kwa nuru kama mimea mingine. Kwao moto wa nyika huteketeza vichaka mara kwa mara, nao hubaki peupe; moto ukizuiwa miaka mingi, vichaka huufunika ukadhoofika. Ukiwa kizani, majani hurefuka na kulegea, na mitego hufunga kwa uvivu.

La nne, ambalo wengi hulisahau, ni usingizi. Wakati wa baridi hupumzika miezi 3 au 4, ukiacha majani mengi yanyauke. Asiyejua hudhani umekufa, akautupa ungali hai! Na mahali pasipo baridi hata kidogo, hauwezi kupumzika, na hudhoofika mwaka hata mwaka.

Tena, watoto wakatazwe kuutekenya kwa vijiti. Kila mtego hufunga mara chache tu katika maisha yake, na kufunga bure ni kupoteza nguvu. Nyama ya jikoni nayo huoza ndani ya jani.

Hata Kongo tunayo mimea ya namna hii. Katika mabonde yenye majimaji huota drosera, mmea mdogo mwenye nywele nyekundu zing'aazo kwa matone ya ulimbo; mdudu akitua, hanasuki. Aina moja, Drosera katangensis, imepewa jina la Katanga. Hiyo nayo hutaka maji safi na udongo maskini. Lakini drosera zetu hazikuzoea barafu: azipaye usingizi wa baridi kama ule wa Carolina aziangamiza.

Basi, mwenye mmea mgonjwa asibadili mambo yote kwa siku moja. Aanze na maji, kisha udongo, kisha mahali pa jua, na kila mara asubiri jani jipya litokee. Jani la kale lililokwisha kuwa jeusi halirudi kuwa kijani. Jani changa ndilo lisemalo kweli. Wala asiende kuung'oa kinamasini: North Carolina tangu mwisho wa mwaka 2014 wizi wa mmea huu huhesabiwa kosa kubwa la jinai, maana imepungua mno.

Kabla ya kuuliza, "Niupe nini?" uliza kwanza, "Umetoka wapi?"