Kibuye: Kusaka vitu vya kale bila kupunjwa wala kuvunja sheria

KILA Jumapili, kabla jua la Kisumu halijawa kali, barabara ya Jomo Kenyatta inayoelekea Kondele hufurika watu, mikokoteni, tuktuk na bodaboda. Wengi huwa wanaelekea Kibuye, soko la wazi linalohesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi katika Afrika Mashariki.

Biashara huendelea hapo wiki nzima, lakini Jumapili ndiyo siku kuu. Marobota ya mitumba hufunguliwa, vitanda na makabati hupangwa kando ya njia, nao wauza vyuma hutandaza gunia chini na kumwaga juu yake kila walichokusanya: pasi za makaa, kufuli zisizo na funguo, taa za chemli, mizani, sarafu na vipuri vya mashine zilizosahaulika.

Kwa mpenzi wa vitu vya kale, gunia hilo ndilo hazina. Hata hivyo, Kibuye si gulio maalumu la vitu vya kale kama lile la Saint-Ouen kando ya jiji la Paris au la barabara ya Portobello jijini London, ambako wauzaji wengi hujua umri na thamani ya bidhaa zao. Hapa kitu cha kale hufika sokoni kwa bahati tu. Familia imehama, karakana imefungwa, au nyumba ya mzee aliyefariki imeondolewa vyombo.

Kwa sababu hiyo bei inaweza kuwa ya chini ajabu, na hatari nayo ikawa kubwa. Muuzaji pengine hajui anauza nini, na mnunuzi hajui kilitoka wapi. Anayetaka kurudi nyumbani na kitu halali, chenye thamani aliyoilipia, hana budi kujiandaa.

Darasa kabla ya soko

Mahali pazuri pa kuanzia si Kibuye bali ni Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara ya kwenda Kericho. Humo mgeni ataona vyombo vya jamii za magharibi mwa Kenya, na nje kuna boma la Kijaluo lililojengwa kwa utaratibu wa jadi.

Saa mbili za kuangalia kigoda halisi, chungu cha maji, ngao au nyatiti, kinanda cha nyuzi nane, humfundisha mtu mambo ambayo maneno ya muuzaji hayawezi kumfundisha. Ataona jinsi mti unavyolika pale mkono ulipozoea kushika, na jinsi moshi wa miaka mingi unavyotofautiana na masizi yaliyopakwa wiki iliyopita.

Siku ya soko yenyewe, inafaa kufika asubuhi na mapema. Bidhaa nzuri huondoka kwanza, kwani wachuuzi hununuliana wao kwa wao kabla umati haujafika. Baada ya adhuhuri joto huwa kali, na mvua za alasiri si ajabu karibu na Ziwa Victoria.

Mnunuzi abebe kofia, maji, tochi ndogo, kioo cha kukuzia maandishi, sumaku na gazeti kuukuu la kufungia vyombo. Fedha zigawanywe: kiasi kidogo cha noti ndogo mfuko wa mbele, na kingine kwenye M-Pesa. Si busara kutoa noti ya shilingi elfu moja kulipia kitu ambacho mtu ametoka kukililia bei kwamba hana fedha.

Aidha, asitegemee sana maelekezo ya zamani. Kazi za ujenzi na ukarabati zimewahi kuwahamisha wachuuzi, hivyo sehemu ya vyuma au ya samani huenda isiwe pale ilipokuwa mara ya mwisho. Kuuliza si ujinga.

Namna ya kupima umri

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kitu cha kale hukaguliwa chini, nyuma na ndani, mahali ambapo mtengenezaji hakutarajia mtu aangalie.

Katika samani, atazame skrubu. Zile zenye kichwa cha alama ya msalaba zilianza kuenea katika miaka ya 1930. Kabati linalosemekana kuwa la mwaka 1910 likiwa nazo, basi ama lilitengenezwa baadaye ama limefanyiwa ukarabati. Matundu madogo yanayotoa unga mpya wa mbao ni dalili kwamba wadudu wangali kazini, nao watahamia kwenye viti vingine vya nyumba.

Cherehani za Singer hupatikana mara kwa mara. Nambari iliyogongwa kwenye chuma hueleza mengi: tangu mwaka 1900 nambari hizo zilitanguliwa na herufi, na kuanzia 1935 zikatumika herufi mbili. Mashine nyingi nyeusi zilizotengenezwa China na India hufanana nazo kwa umbo na marembo. Ni mashine nzuri za kazi, lakini zisilipiwe bei ya Singer.

Kisumu ni mji uliozaliwa na reli, iliyofika ziwani mwaka 1901, wakati bandari hiyo ikiitwa Port Florence. Vyombo vya mezani, taa na vifaa vingine vya shirika la reli hutambulika kwa herufi zake. KUR&H ni Reli na Bandari za Kenya na Uganda, jina lililotumika hadi mwaka 1948. EAR&H ni shirika la Afrika Mashariki lililofuata hadi mwaka 1969, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977.

Sarafu nazo huwapumbaza wengi. Zile za senti kumi zenye tundu katikati zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hivyo uzee pekee hauzifanyi kuwa ghali. Shilingi za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1921 na 1946 zilikuwa na robo ya madini ya fedha, ilhali zile za kuanzia 1948 hazina. Sarafu isisuguliwe kwa majivu wala dawa. Kung'arishwa huipunguzia thamani badala ya kuiongeza.

Santuri za benga

Ukanda wa ziwa ndio chimbuko la benga, na huenda hakuna kitu cha kale chenye asili ya hapa kinachotafutwa na wageni kuliko santuri zake za miaka ya 1960 na 1970. Nyimbo za Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz aliyefariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, husakwa na wakusanyaji hadi Ulaya na Marekani.

Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika ni za plastiki. Zile nzito za mizunguko 78 huvunjika kama sahani ya udongo. Mnunuzi aishike kwa ukingo, aielekeze kwenye mwanga na kuinamisha kidogo. Mikwaruzo inayoonekana tu si tatizo kubwa, lakini ule unaohisiwa kwa ukucha utasikika. Kisha aitazame kwa ubavu kuhakikisha haijapinda.

Akishainunua, asiiache ndani ya gari. Joto la mchana wa Kisumu linaweza kuipinda kwa muda mfupi.

Adabu ya bei

Majadiliano ya bei huanza kwa salamu. Neno la Kijaluo "Oyawore" asubuhi, na "Erokamano" wakati wa kushukuru, hufungua mlango ambao ukali hauwezi kuufungua. Mwenye umri huitwa mama au mzee, hata kama bei yake imemshtua mnunuzi.

Si vyema kushika kitu na kukiponda ili kishuke bei. Heri kuuliza bei ya vitu viwili au vitatu, kutaja kiasi cha haki na kungoja. Bei isipopatana, mnunuzi huaga kwa heshima na kuendelea na safari yake. Mara nyingi huitwa kabla hajafika mbali, na asipoitwa anajua kwamba bei yake ilikuwa ya chini mno.

Kuna swali moja lenye uzito kuliko bei: "Kilitoka wapi?" Muuzaji mwaminifu huwa na hadithi, hata fupi. Atakayekasirika au kubadilisha maelezo mara mbili aachwe na bidhaa yake.

Visivyofaa kununuliwa

Swali hilo si la udadisi tu. Chini ya Kanuni za Adhabu, kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 14. Mataruma, boliti na vipande vya njia ya reli, vifuniko vya mitaro na vibao vya makaburi si kumbukumbu za kuweka sebuleni.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 nayo inahesabu kuwa kitu cha kale kila kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, ambao ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Kukitoa nchini kunahitaji kibali. Anayekusudia kusafiri na kitu anachokidhania kuwa cha umri huo awaone kwanza maafisa wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Vivyo hivyo kwa mapambo ya jadi yenye meno ya kiboko, pembe za ndovu au ngozi ya chui. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki nyara hizo bila kibali, na uzee wake si kinga.

Vipo pia vitu ambavyo mwenyewe hayuko sokoni. Kigoda cha mzee wa boma au nyatiti ya marehemu inaweza kuuzwa na kijana mwenye shida ya siku moja, huku jamaa zake wakiitafuta. Pwani ya Kenya imeonja uchungu huo kupitia vigango, nguzo za kumbukumbu za wafu wa Wamijikenda, zilizoibwa na kuishia katika mikusanyo ya ng'ambo. Jumba moja la makumbusho jijini Denver, Marekani, lilitangaza mwaka 2014 kwamba lingerudisha vigango 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Kuvirudisha kulichukua miaka.

Kwa hivyo anayenunua kitu cha thamani aandike tarehe, bei, jina la muuzaji na maelezo aliyopewa, na malipo ya M-Pesa yamwachie ujumbe wa kuhifadhi. Mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi hiyo itamlinda iwapo ataulizwa, na itamweleza mjukuu wake kitu hicho kilikuwa cha nani kabla hakijawa chake.

Asiyeridhika na asili ya kitu asione haya kukirudisha juu ya gunia. Jumapili nyingine itafika, na Kibuye haikosi bidhaa.