Mechi 10, nafasi moja: hisabati ya kushushwa hadi daraja la tatu

Februari 2016, siku ya kufunga msimu katika Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, timu mbili zilizokuwa zinagombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu zilicheza kwenye viwanja viwili tofauti. Mjini Tabora, Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro ya Arusha 7-0. Kule Geita, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa ya Kigoma 8-0. Jumla mabao 15, na la kujibu halikuwepo hata moja.

Aprili mwaka huohuo, Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) ikatoa hukumu: matokeo yalipangwa. Polisi Tabora, Geita Gold na JKT Oljoro zikashushwa hadi daraja la tatu. JKT Kanembwa ikapelekwa chini zaidi, ngazi ya mkoa. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza.

Kesi hiyo ilishaamuliwa, na makala hii haiifungui upya. Ila kuna maswali matatu ambayo mtu wa takwimu hawezi kuyapita hivihivi. Je, mabao 7 na 8 siku moja ni jambo lisilowezekana? Ni kitu gani kwenye mfumo wa ligi kilifanya mabao yawe na thamani kubwa kiasi hicho? Na kushushwa hadi daraja la tatu ni adhabu nzito kiasi gani ukiipima kwa hesabu? Twende taratibu.

Daraja la tatu ni lipi hasa?

Tuanze na majina, maana hapa wengi hupotea. Wakati ule ngazi zilikuwa hivi: juu kabisa Ligi Kuu, chini yake Ligi Daraja la Kwanza, kisha Ligi Daraja la Pili. Kwa hiyo "Daraja la Pili" lilikuwa la tatu ukihesabu kutoka juu. Kuanzia msimu wa 2021/22 majina yalibadilishwa: Daraja la Kwanza likawa Championship, na Daraja la Pili likawa First League. Yaani leo ligi yenye neno "First" ndiyo ya tatu! Hapa chini nitasema tu daraja la pili kwa maana ya ngazi ya pili kutoka juu, na daraja la tatu kwa ngazi ya tatu.

Tofauti kubwa kati ya Ligi Kuu na ngazi zilizo chini yake haikuwa ubora wa wachezaji peke yake. Ilikuwa pia idadi ya mechi. Ligi Kuu ya timu 16, kila moja ikicheza na nyingine nyumbani na ugenini, inampa kila mmoja mechi 30. Ngazi ya pili msimu wa 2015/16 ilikuwa na makundi matatu ya timu nane nane, hivyo kila timu ilicheza mechi 14, na kinara wa kundi ndiye anapanda. Kundi likiwa la timu sita, mechi zinabaki 10 tu.

Njia ya misafara na nauli ya basi

Kwa nini makundi? Jibu fupi: umbali. Chukua ramani uangalie njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo, kufika Tabora, halafu Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba. Miezi mitano, na mizigo ikiwa kichwani na mabegani mwa wapagazi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa mkondo uleule.

Leo safari hiyo ni ya saa, si miezi. Lakini kwa klabu ndogo bado ni mzigo. Timu ya watu ishirini na kitu ikitoka Arusha kwenda kucheza Tabora inalipia usafiri, malazi na chakula, kwa mechi moja ya dakika 90 ambayo mapato yake ya mlangoni huenda yasifike popote. Ukizipa timu za ngazi za chini ratiba ya mechi 30 nchi nzima, nyingi hazitamaliza msimu. Kwa hiyo zinagawanywa kwa kanda. Kundi C lilikuwa na timu za magharibi, kanda ya ziwa na kaskazini.

Uamuzi huo unaeleweka kabisa kiuchumi, ila kitakwimu una gharama yake, maana msimu unakuwa mfupi.

Bahati hupungua polepole

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu A ni nzuri: katika kila mechi ina uwezekano wa 45% kushinda, 30% kutoka sare na 25% kufungwa. Timu B ni ya kawaida: 35% kushinda, 30% sare, 35% kufungwa. Kwa wastani A inakusanya pointi 1.65 kwa mechi, B inakusanya 1.35. Tofauti ni pointi 0.3 kwa kila mechi.

Baada ya mechi 10, A inatarajiwa kuwa mbele kwa pointi 3. Baada ya mechi 30, pointi 9. Ubora unakua sawasawa na idadi ya mechi: mechi mara tatu, tofauti mara tatu.

Bahati nayo inakua, lakini kwa mwendo mwingine. Penalti ya dakika ya 88, kipa kuteleza, mvua kubwa kipindi cha pili: vitu hivi mara vinakupa, mara vinakunyang'anya, kwa hiyo kwa sehemu vinafutana. Kanuni ya takwimu inasema kuyumba huku hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mechi. Mechi mara nne, kuyumba mara mbili tu. Katika mfano wetu, tofauti ya pointi kati ya A na B huyumba kwa kama pointi 5.7 baada ya mechi 10, na kama 9.9 baada ya mechi 30.

Linganisha sasa. Kwa mechi 10, ubora ni pointi 3 dhidi ya kuyumba kwa 5.7. Kwa mechi 30, ni 9 dhidi ya 9.9. Ukifanya hesabu, uwezekano wa timu ya kawaida kumaliza juu ya timu nzuri ni takriban 30% kwa mechi 10, 27% kwa mechi 14, na 18% kwa mechi 30.

Hapo ni timu mbili tu. Weka A kwenye kundi la timu sita, nyingine zote tano zikiwa za kawaida. A ndiyo bora kuliko wote, hilo halina ubishi. Lakini uwezekano wake wa kumaliza kileleni ni kama theluthi moja tu! Kwa kundi la timu nane na mechi 14, jibu ni karibu lilelile. Mara mbili kati ya tatu, anayepanda si aliye bora zaidi.

Saba na nane: je, namba zinatosha kuhukumu?

Turudi kwenye mabao. Mabao kwenye soka ni matukio machache yanayotokea bila ratiba, na kwa matukio ya aina hiyo tunatumia mgawanyo wa Poisson. Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz aliutumia kuonyesha jinsi vifo vya askari wa Prussia waliopigwa mateke na farasi vilivyosambaa mwaka hadi mwaka. Unachohitaji ni wastani tu. Ukishakuwa nao, mgawanyo unakupa uwezekano wa kila idadi.

Tukisema timu ina wastani wa bao 1.2 kwa mechi, uwezekano wa kufunga mabao 7 au zaidi ni kama 1 kati ya 4,000. Lakini siku hiyo haikuwa mechi ya kawaida, kwa hiyo tuwe wakarimu: mpe mwenyeji wastani wa mabao 2.5 na mgeni 0.7. Sasa kushinda 7-0 au zaidi bila kuruhusu bao kunakuwa na uwezekano wa kama 0.7%, na 8-0 au zaidi kama 0.2%. Vyote viwili siku moja, kama mechi hazihusiani: takriban 1 kati ya 67,000.

Hapo ndipo mtu anapopiga meza: "Si umeona? Ushahidi huo!" Hapana, subiri kwanza.

Kosa la kwanza ni kuzidisha. Tunazidisha uwezekano pale tu matukio yasipohusiana, na haya yalihusiana waziwazi. Geita ilijua Tabora inahitaji mabao, na Tabora ilijua hivyohivyo. Timu inayohitaji mabao haitulii ikiongoza 3-0, inaendelea kushambulia. Na timu isiyo na cha kupoteza inaweza kukata tamaa kabisa kihalali, bila mtu yeyote kupewa hata senti.

Kosa la pili ni kugeuza swali. "Kama mechi ilikuwa safi, uwezekano wa matokeo haya ni mdogo" si sawa na "kwa matokeo haya, uwezekano kwamba mechi ilikuwa safi ni mdogo". Msimu ule daraja la pili peke yake lilikuwa na mechi 168. Ongeza madaraja mengine na miaka mingine, na matokeo ya ajabu lazima yatokee mahali fulani bila hila yoyote. Mtu akishinda bahati nasibu hatumkamati kwa sababu tu ilikuwa vigumu kushinda.

Kwa hiyo namba kazi yake ni kusema "hebu angalieni hapa". Hukumu inahitaji kitu kingine: mashahidi, ripoti, mwenendo wa mchezo wenyewe. Ndiyo maana shauri kama hili hupelekwa kwenye kamati ya nidhamu na siyo kwa mtu mwenye kikokotoo.

Mfumo unaokaribisha vishawishi

Swali la pili lilikuwa kuhusu mfumo. Katika msimu mfupi timu hubanana kwenye msimamo, kwa sababu hazikupata mechi za kutosha kuachana. Zikifungana kwa pointi, inaamua tofauti ya mabao. Tatizo la kipimo hicho ni kwamba kinaweza kuongezwa siku ya mwisho, kwenye kiwanja ambacho mpinzani wako hayupo. Hawezi kukuzuia. Anachoweza ni kufunga zaidi kwake.

Ulimwengu uliona jambo linalofanana mwaka 1982 kwenye Kombe la Dunia. Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0 mjini Gijón, matokeo yaliyozivusha zote mbili na kuitoa Algeria, iliyokuwa imecheza siku moja kabla. Baada ya hapo mechi za mwisho za makundi zikaanza kuchezwa kwa wakati mmoja. Hilo husaidia, ila halitoshi pale kinachotafutwa ni wingi wa mabao.

Njia nyingine ni kuangalia kwanza matokeo ya timu zenyewe zilipokutana. Mechi hizo zimeshachezwa, kwa hiyo bao la nane dhidi ya timu ya mkiani halibadilishi chochote. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya mechi za mwisho zinakosa maana. Njia ya tatu ni mechi ya mchujo kati ya waliofungana: gharama ni safari moja zaidi, na mabao yanatafutwa dhidi ya mwenye shida nayo.

Uzito wa adhabu

Sasa pima adhabu. Tuseme kila ngazi inapandisha kinara wa kundi tu. Timu iliyoshushwa hadi daraja la tatu, hata ikiwa bora kuliko wote kila mara, ina theluthi moja ya kupanda kwanza, halafu theluthi moja tena. Theluthi mara theluthi ni 1 kati ya 9 ya kurudi Ligi Kuu kwa misimu miwili mfululizo. Timu ya kawaida: 1 kati ya 6 mara 1 kati ya 8, yaani 1 kati ya 48. Na gharama hii inamwangukia pia kijana wa miaka 20 asiyejua lolote kuhusu mpango, ambaye misimu yake ya kuonekana ni michache.

Yaliyofuata yanalingana na hesabu. Mbao FC, iliyokuwa nyuma ya vinara wale kwenye msimamo, mwaka 2017 iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho ikacheza fainali na Simba Dodoma, na kufungwa 2-1 katika muda wa nyongeza. Mechi 14 zilikuwa hazijasema kila kitu kuhusu uwezo wake. Geita Gold ilihitaji miaka kufika Ligi Kuu. Ilipofika, msimu wa 2021/22, ilimaliza ya nne. Mji wa Tabora, ambao Rhino Rangers yake ilishuka Ligi Kuu mwaka 2014, ulikaa bila timu ya Ligi Kuu hadi msimu wa 2023/24, na iliyoufikisha ni Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamia pale na kuitwa Tabora United.

Kwa hiyo ukiona msimamo wa ligi za chini mwisho wa msimu, kabla hujasema kocha wa timu ya tatu hafai, hesabu kwanza mechi zilizochezwa. Zikiwa 10, pengo la pointi tatu ni dogo kuliko kuyumba kwa bahati. Mpe msimu mwingine.