Kanheri: Mapango ya Ng'ambo ya Bahari Yetu

Pale Qantab milima inashuka moja kwa moja baharini, na wavuvi watakupeleka kwa mashua ukaone mapango yaliyochimbwa na mawimbi. Sisi tuliokulia Maskati tumeshayazoea. Ila ng'ambo ya maji haya haya, upande wa Mumbai, kuna mapango mengine, zaidi ya 100, na hayo yamechongwa na binadamu. Yanaitwa Kanheri.

Wengi wetu Mumbai tunaijua kwa hospitali tu. Mimi pia nilikwenda kumsindikiza mama. Siku ambayo hakuwa na miadi ya daktari akaniambia, "Nenda katembee, usikae hapa kunitazama." Nikapanda treni mpaka Borivali, halafu nikaingia Mbuga ya Taifa ya Sanjay Gandhi.

Wachongaji wa kwanza walianza katika karne ya 1 kabla ya Kristo, na watu waliendelea kuyatumia na kuyaongeza mpaka kama karne ya 10. Hebu fikiria: tindo na nyundo, kwenye jiwe gumu jeusi la volkano. Kuna ukumbi mkubwa wa ibada wenye safu za nguzo, na vyumba vidogo vya watawa wa Kibuddha vyenye vitanda vya mawe. Karibu na milango kuna birika la maji, mfano wa yale ya misikiti ya zamani ya kwetu, na mifereji iliyokatwa mwambani kuleta maji ya mvua.

Kwa nini mwambani? Watawa walikuwa watu wa kutembea, wakiishi kwa sadaka. Lakini miezi mitatu ya mvua ilibidi watulie mahali pamoja. Na mvua hiyo inaletwa na kusi, upepo ule ule unaochafua bahari mpaka vyombo vikae bandarini. Yaani mtawa na baharia walikuwa na kalenda moja.

Na bili nani alilipa? Jibu limeandikwa ukutani. Wafadhili wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kalyan na Sopara, bandari za jirani, na wanawake pia wamo. Kila mmoja kaacha maneno machache: jina lake, kazi yake au jamaa zake, mji wake, na alichotoa. Huyu pango, yule birika.

Bandari hizo mbili zimetajwa katika Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1. Mwongozo huo huo unaitaja Rhapta, mji wa biashara uliokuwa kwenye mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Na njiani, kisiwani Sokotra, kuna pango la Hoq. Kuanzia mwaka 2000 watafiti wamekuta humo maandishi na michoro karibu 250, mengi ya mabaharia wa Kihindi, pamoja na picha za stupa, kuba takatifu za Wabuddha. Hawa hawakuchonga pango. Waliingia gizani na taa, wakaandika majina yao, wakaendelea na safari.

Hapo ndipo iliponigusa. Sisi tunaulizwa kila siku, "Nyinyi wa wapi hasa?" Wazee wetu waliivuka bahari hii, wengine wakarudi Oman baada ya 1970, na safari zao zimo vichwani mwao tu. Mama yangu hajaandika hata ukurasa mmoja. Jioni ile, kule Mumbai, niliwasha simu nikamuuliza yale yale ya ukutani: jina la bibi yake, kazi yake, mji wake, alichoacha. Alijibu kwa Kiswahili, dakika arubaini bila kusita. Jina la bibi huyo nilikuwa silijui.

Ukienda Kanheri, usiende Jumatatu, mbuga inafungwa. Ila wazee wako hawana siku ya kufungwa. Waulize wiki hii, na urekodi.