Maandishi Yaliyo Ndani ya Saa ya Babu

Ukiingia Biashara Street kwa upande wa Digo Road saa tatu za asubuhi, leso zimekwisha kutundikwa milangoni na mafundi cherehani wako barazani wanapinda doti za watu. Hapa mtu haulizi nguo imetoka wapi. Anashika pindo, anasoma. Leso za Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanza 1887, zina maandishi ya "Mali ya Abdulla", na mwanamke wa Mombasa akiyaona anajua ameshika nini.

Mimi nilikuja na kitu kisicho na pindo. Ni saa ya mkono ya marehemu babu yangu, ya dhahabu, ya kutia ufunguo. Usoni ina maneno mawili tu ya Kifaransa, "Chronographe Suisse", yaani kronografu ya Uswisi. Jina la aliyeiunda halimo. Babu alikuwa karani bandarini Kilindini, na alipofariki saa ilibaki na hadithi mbili. Shangazi anashikilia kwamba alipewa na afisa wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita. Baba mkubwa anashikilia kwamba aliinunua kwa baharia aliyeishiwa. Kila Idi, sahani zikishaondolewa, ubishi unaanza upya.

Kronografu ni saa yenye akrabu ya ziada, nyembamba, ambayo haitembei mpaka uiamuru. Unabonyeza, inaondoka, unabonyeza, inasimama, unabonyeza tena, inaruka kurudi kwenye sifuri. Jina lenyewe ni la Kigiriki na maana yake ni kiandika wakati. Mwaka 1821, kwenye mashindano ya farasi mjini Paris, Nicolas Rieussec alipimia mbio kwa chombo kilichodondosha wino juu ya uso wa saa kila farasi alipofika. Wino uliachwa zamani, jina likabaki.

Fundi ninayemwendea anakaa barazani pembeni mwa duka la leso, na meza yake haizidi upana wa mkeka wa kuswalia. Aliipokea saa kwa viganja viwili, akaisikiliza kwanza, ndipo akaitazama.

"Mwanangu, kibonyezo hiki cha juu mnakichezea?"

"Tunaanzishia na kusimamishia, mzee."

"Basi mnaiua. Cha juu ni cha kuanzisha tu. Kusimamisha ni cha chini, na kurudisha ni hicho hicho cha chini."

Kabla hajafungua chochote alikuwa amekwisha kuijua. Tabia hiyo ya vibonyezo ni ya mashine moja mashuhuri, Landeron 48, iliyoanza kutengenezwa 1937 huko Le Landeron, mji mdogo katika jimbo la Neuchâtel. Aliingiza ncha ya kisu kwenye ukingo wa kifuniko, akakizungusha taratibu kikaachia, akanipa miwani yake ya kikombe. Chini ya gurudumu la balansi, mahali ambapo mimi nilikuwa naona weusi tu, ilikuwapo alama ya kiwanda na namba 48.

Hapo hadithi zetu zilipata mpaka wa kwanza. Saa haiwezi kuwa ya kabla ya 1937.

Mpaka wa pili ulikuwa mgumu. Mashine za Landeron ziliuzwa kwa wengi. Mmoja alitoa mashine, mwingine uso, mwingine kasha, na mtu wa nne akaunganisha vyote na kuandika jina analotaka, au asiandike. Wapenzi wa saa kuukuu wanazijua hizi za dhahabu nyembamba zenye maneno "Chronographe Suisse". Ziliuzwa sana kwa wanajeshi na mabaharia miaka ya vita na baada yake. Laiti ingekuwa Longines, ningeandika barua Saint-Imier. Kampuni hiyo imehifadhi madaftari yaliyoandikwa kwa mkono tangu karne ya kumi na tisa, na kwa namba ya mashine wanaweza kukwambia saa iliuzwa siku gani na kwa wakala wa nchi ipi. Au ingekuwa na jambia usoni, kama zile ambazo Sultan Qaboos wa Oman aliziagiza miaka ya 1970 kupitia duka la Asprey la London na kuwatunuku watu. Saa kama hiyo ikizuka leo katika nyumba ya Mji wa Kale yenye ndugu Maskati, asili yake inasomwa kwa jicho moja. Yetu haikuwa na daftari wala jambia.

Hadithi ya shangazi, hata hivyo, ina mzizi. Aprili 1942 ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee, na kikosi cha mashariki cha jeshi la majini la Uingereza kikahamishia makao yake Kilindini. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, wakawekwa humo wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Maafisa walikuwa tele mjini. Lakini saa ya serikali ya Uingereza hupigwa alama ya mshale, na hii haina. Ina kichwa cha mwanamke, Helvetia, muhuri wa Uswisi wa dhahabu ya karati 18. Jeshi haligawi dhahabu. Kama afisa aliivaa, aliinunua kwa pesa zake.

Muhuri huo umebaki nusu, na inaniuma kulisema hili. Mwaka juzi niliipeleka katika duka moja mjini ing'arishwe. Ilirudi inameta, na uso wa Helvetia umeliwa na brashi. Mwenye saa ya zamani asikubali isuguliwe kabla haijasomwa.

Kilichonusurika ni ndani ya kifuniko, ambako brashi haikufika. Fundi alikigeuza juani na nikaona mikwaruzo, myembamba kama unywele, safu juu ya safu. Kila fundi aliyewahi kuitengeneza aliandika kwa ncha ya sindano: mwezi, mwaka, alama yake. Juu kabisa kulikuwa na "7.61" na herufi K, za kawaida. Chini yake mstari uliochakaa ambao sikuweza kuusoma.

Fundi aliusogeza, akauweka mbali, kisha akaita mlango wa pili. Mwenye duka la leso, mzee aliyesoma Kigujarati utotoni, alitoka na futi yake ya kupimia shingoni. Alikishika kifuniko kwa kucha, asikiguse ndani.

"Hizi ni namba zetu," alisema. "Tatu. Halafu hamsini na mbili."

Machi 1952. Siku hiyo saa ilikuwa mezani kwa fundi aliyeandika kwa Kigujarati, Mombasa, au Unguja, au Bombay. Ilikuwa imekwisha kuundwa, kuvaliwa, kuchafuka na kuhitaji mafuta. Miaka 33 ambayo Landeron 48 iliweza kutoka kiwandani, toka 1937 hadi 1970, ikabanwa ikawa 15, na aliyeibana hakuwa mhifadhi wa nyaraka Uswisi. Alikuwa mtu wa baraza kama hii, na sindano yake.

Mafundi hao wanapungua. Saa za betri zilipoingia miaka ya 1970, Uswisi yenyewe ilishuka kutoka wafanyakazi wa saa takriban 90,000 hadi karibu 30,000 kwa miaka 15 hivi, na vipuri vikakauka. Fundi wangu ana kopo la maziwa lililojaa saa zilizokufa. Humo ndimo alimotoa kamani mpya ya babu.

Alipomaliza alibonyeza cha juu. Akrabu nyembamba iliondoka, nami nikamkumbuka babu barazani wakati wa masika. Uso wa saa hii una duara la kupimia umbali kwa sauti. Radi ikimulika upande wa Likoni alibonyeza, ngurumo ikifika alibonyeza, akatusomea: kilomita tatu. Saa za siku alizisoma kinyume. Akrabu ikiwa kwenye saba alitazama ng'ambo yake, akasema saa moja. Ila akrabu hii moja ilianza kwenye sifuri, na hakuwa na haja ya kuigeuza.

Nilimwomba fundi aandike tarehe yake. Alisita.

"Wanunuzi hawapendi mkwaruzo mpya. Utaiuza?"

"Siiuzi, mzee."

Alichukua sindano, akainama. Aliandika mwezi na mwaka chini ya Kigujarati, akakiinua kifuniko karibu na mdomo, akapuliza vumbi la dhahabu.